Hesabu Iliyofichika Katika Mchezo wa Ishirini na Moja

Mvuvi wa Matema anayeingia ziwani jioni na taa yake kutafuta usipa hajui atarudi na nini alfajiri. Usipa ni samaki mdogo ambaye huongezeka na kupungua sana baina ya mwaka na mwaka. Upepo wa mwera waweza kumzuia mvuvi asitoke kabisa. Na mbalamwezi ikiwa kali, taa hupoteza nguvu zake za kuwavuta samaki. Mkulima wa mpunga katika uwanda wa Kyela naye hupanda bila kujua kama maji ya mito Kiwira, Mbaka na Songwe yatalistawisha shamba lake au yatalifunika. Kwa hiyo si ajabu, katika pwani hiyo ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, kumsikia mtu akisema kwamba maisha yote ni kamari na kwamba anayecheza karata kwa fedha hafanyi jambo geni.

Kauli hiyo ina ukweli nusu. Ni kweli kwamba mvuvi, mkulima na mcheza kamari wote hawaijui kesho. Lakini hisabati ina swali la pili ambalo kauli hiyo hailigusi: jambo hilo lisilojulikana likirudiwa mara mia, au mara elfu, wastani wake unaangukia upande gani? Mvuvi hupata hasara usiku huu na faida usiku ule, lakini akijumlisha misimu, mapato yake huwa juu ya gharama za taa, mafuta na nyavu. Lau isingekuwa hivyo, mitumbwi ingaliachwa ufukoni zamani. Ziwa halimlipi mtu mshahara, lakini pia halina mpango wa kumtoza. Meza ya kamari inao mpango huo. Wastani wake umekwisha kupangwa na kanuni za mchezo kabla mchezaji hajaketi, nao umepangwa upande wa mwenye meza.

Jambo hili lina uzito wa pekee mahali kama Kyela, ambako fedha haziingii kila mwezi bali kwa mkupuo. Mpunga huvunwa kwa msimu, na kakao, zao ambalo wilaya hiyo inaongoza nchini kwa kulizalisha, huuzwa kwa mnada kupitia vyama vya ushirika. Fedha inayopatikana siku hiyo ndiyo ada ya shule, ndiyo mbegu, ndiyo bati la nyumba. Na siku hizi fedha hiyo haina haja ya kusafiri ili ikutane na kamari. Michezo ya kubahatisha nchini Tanzania huendeshwa chini ya Sheria ya mwaka 2003, ambayo pia iliunda Bodi ya kuisimamia. Kasino zenye meza za karata zimo katika miji mikubwa kama Dar es Salaam, lakini michezo ile ile, pamoja na kubashiri matokeo ya mpira, hufika popote penye mtandao wa simu.

Kati ya michezo hiyo yote, ule wa ishirini na moja, unaojulikana duniani kwa jina la blackjack, ndio mwalimu bora wa somo hili. Sheria zake ni chache, karata zake zahesabika, na kila uwezekano waweza kutafutwa kwa kalamu na karatasi. Tena unaonekana kuwa wa haki kabisa. Hapo ndipo penye fundisho.

Sheria za mchezo

Karata ni 52, za aina nne: shupaza, kopa, uru na pau. Karata za 2 hadi 10 huhesabiwa kwa tarakimu zake. Karata za picha, yaani mfalme, malkia na ghulamu, kila moja huhesabiwa 10. Ree huhesabiwa 1 au 11, kwa kadiri inavyomfaa aliyeishika. Msomaji azingatie kwamba karata zenye thamani ya 10 ni 16 kati ya 52, yaani karibu theluthi moja. Wingi huo ndio unaoendesha mchezo mzima.

Mchezaji huweka dau, kisha hupewa karata mbili. Mgawaji, ambaye humchezea mwenye meza, naye hujipa mbili, moja ikiwa wazi na nyingine ikiwa imefunikwa. Lengo la kila upande ni kuukaribia 21 kuliko mwenzake bila kuuvuka. Mchezaji hutangulia: anaweza kuomba karata nyingine, na nyingine tena, au kutosheka na alizo nazo. Akivuka 21 amepoteza, na dau lake huchukuliwa papo hapo. Mchezaji akisha kumaliza, mgawaji hufunua karata yake. Yeye hana hiari: akiwa na 16 au chini ya hapo lazima aongeze, na akifikia 17 lazima asimame. Wakilingana, dau hurudishwa. Mwisho, mchezaji aliyepata ree pamoja na karata ya 10 katika karata zake mbili za kwanza hulipwa zaidi ya kawaida: kwa dau la shilingi 1,000 hupata faida ya shilingi 1,500, isipokuwa mgawaji naye awe na jozi ya namna hiyo.

Mtu akizisoma sheria hizi kwa mara ya kwanza huona kwamba mchezaji ndiye aliyependelewa. Yeye ana hiari, mgawaji hana. Yeye anaiona karata moja ya mgawaji. Yeye hulipwa moja na nusu kwa jozi bora, ilhali mgawaji akiipata jozi hiyo huchukua dau tupu. Basi faida ya mwenye meza inatoka wapi?

Nane katika mia

Jibu limo katika neno moja la sheria hizo: mchezaji hutangulia.

Ili kulipima, afikiriwe mchezaji asiyejisumbua na mbinu yoyote, bali anamwiga mgawaji tu: huongeza mpaka 16, husimama tangu 17. Hesabu yaonyesha kwamba anayecheza kwa kanuni hiyo huvuka 21 takriban mara 28 katika kila mikono 100. Mgawaji huvuka mara 28. Mwigaji wake naye, kwa kuwa kanuni ni ile ile, huvuka mara 28.

Sasa mikono 100 igawanywe katika mafungu. Mchezaji huvuka mara 28, na katika hizo mgawaji naye angevuka asilimia 28, yaani karibu mara 8. Zilizobaki, mara 20, ni zile ambazo mchezaji peke yake amevuka. Kwa upande mwingine ziko mara 20 ambazo mgawaji peke yake amevuka. Mikono 52 iliyosalia hakuna aliyevuka, na hapo aliye karibu zaidi na 21 ndiye mshindi. Katika fungu hilo la 52, pande mbili ziko sawa, kwa sababu kanuni yao ni moja: ushindi wa huyu huufuta ushindi wa yule. Mafungu mawili ya 20 nayo hufutana. Kinachobaki ni ile mikono 8 ambayo wote wawili wangevuka. Kwa haki ya kawaida mikono hiyo ingehesabiwa sare. Lakini mchezaji alitangulia. Dau lake limekwisha kuchukuliwa, na mgawaji wala hana haja ya kufunua karata yake. Mikono hiyo 8 yote ni ya mwenye meza.

Ujanja wa mpangilio huu ni kwamba haumwumizi mchezaji machoni. Anayevuka 21 hujilaumu mwenyewe kwa kuomba karata moja zaidi. Hafikirii kwamba, pengine, mgawaji naye angevuka. Makosa ya pande mbili yanalingana, lakini adhabu humwangukia mmoja.

Malipo ya moja na nusu hurudisha sehemu ya kilichochukuliwa. Uwezekano wa kupata ree kisha 10 ni 4 katika 52 mara 16 katika 51. Na kwa kuwa mpangilio waweza kuwa 10 kwanza kisha ree, hesabu hiyo huzidishwa kwa mbili. Jibu ni 128 katika 2,652, yaani karibu mara 5 katika 100. Kila mara mchezaji huongezewa nusu ya dau, isipokuwa pale wanapolingana na mgawaji. Kwa hiyo katika mikono 100 hurudishiwa thamani ya madau 2.3 hivi. Nane ukiondoa 2.3, hubaki 5.7. Mwigaji wa mgawaji, kwa wastani, huacha mezani shilingi 57 katika kila shilingi 1,000 anazoweka.

Msomaji mwenye karata nyumbani anaweza kuihakiki sehemu ya hesabu hii bila kuweka hata senti. Azichanganye vizuri, ajigawie kwa kanuni ya mgawaji, aandike kama amevuka au hakuvuka, azirudishe, achanganye upya, na kurudia hivyo mara 100. Asishangae asipopata 28 kamili. Katika majaribio ya mara 100, jibu aghalabu huangukia popote kati ya 19 na 37. Watoto wa shule kumi wakifanya jaribio hilo na kuchanganya majibu yao, wastani wao utaikaribia 28 zaidi kuliko jibu la mmoja wao. Tabia hiyo ya wastani kutulia kadiri majaribio yanavyoongezeka ndiyo nguzo ya elimu yote ya uwezekano, ambayo kwa kweli ilizaliwa mezani pa kamari: mwaka 1654 wanahisabati wa Ufaransa Blaise Pascal na Pierre de Fermat waliandikiana barua juu ya namna ya kugawa dau la mchezo uliokatizwa kabla haujaisha.

Mchezaji mwenye akili

Mtu atauliza: kwa nini mchezaji amwige mgawaji, hali ana hiari na anaiona karata moja? Swali hilo lilijibiwa kwa ukamilifu mwaka 1956. Wanahisabati wanne waliokuwa katika jeshi la Marekani, Roger Baldwin, Wilbert Cantey, Herbert Maisel na James McDermott, walichapisha katika jarida la Chama cha Takwimu cha Marekani kanuni bora ya kucheza, waliyoikokotoa kwa mashine za mezani za kujumlishia. Baadaye Edward Thorp aliirudia kazi hiyo kwa kompyuta, na mwaka 1962 akachapisha kitabu kilichoishtua dunia ya kasino.

Kiini cha kanuni hiyo ni kuiangalia karata ya mgawaji iliyo wazi. Mgawaji anayeonyesha 6 yuko taabani: huvuka takriban mara 42 katika 100, kwa kuwa aghalabu atalazimika kuongeza akiwa na hesabu ya katikati. Hapo mchezaji mwenye 12 au 13, na hata mwenye 16, atulie na kumwacha mwenzake aanguke. Lakini mgawaji anayeonyesha 10 huvuka kiasi cha nusu ya mara hizo tu. Hapo mchezaji mwenye hesabu ndogo lazima aombe, hata kama anaogopa. Hali mbaya kuliko karibu zote ni kuwa na 16 mbele ya 10. Akiomba, karata 8 katika kila aina 13 zitamvusha. Akitulia, mgawaji atamshinda mara nyingi. Kwa vyovyote vile hupoteza karibu mara tatu katika nne. Kanuni haimwokoi katika hali hiyo. Humpunguzia hasara kwa chembe tu, na thamani yake hutokana na kukusanya chembe kama hizo katika mamia ya mikono.

Anayeifuata kanuni hiyo bila kukosea, pamoja na kutumia vizuri ruhusa ya kuongeza dau maradufu na ya kutenganisha karata mbili zinazofanana, huipunguza faida ya mwenye meza kutoka asilimia 5.7 mpaka karibu nusu asilimia. Hilo ni punguzo kubwa. Hata hivyo nusu asilimia bado iko upande ule ule.

Thorp alikwenda mbele zaidi. Alionyesha kwamba mchezo huu una kumbukumbu. Karata iliyokwisha kutoka haiwezi kutoka tena mpaka zichanganywe upya. Kwa hiyo karata ndogo zikitoka nyingi mwanzoni, zinazosalia huwa na ree na 10 kwa wingi, na kwa muda faida humgeukia mchezaji. Anayezihesabu na kuongeza dau lake wakati huo tu aweza kumshinda mwenye meza. Hadithi za watu wa namna hiyo zimeenea mno, tena kupita kiasi, maana wenye meza nao hawakulala. Walianza kuchanganya pamoja pakiti sita au nane, kuzivuruga upya kabla hazijaisha, kutumia mashine za kuchanganyia, na kumwondoa mezani yeyote anayeonekana kuhesabu.

Njia nyingine waliyoitumia ni tulivu zaidi. Mahali pengi jozi ya ree na 10 sasa hulipwa sita kwa tano, yaani shilingi 1,200 badala ya 1,500. Badiliko hilo huonekana dogo, maana jozi yenyewe ni adimu. Lakini huongeza faida ya mwenye meza kwa asilimia 1.4 hivi, na hivyo kumfanya hata mchezaji hodari kabisa alipe karibu mara nne ya alivyokuwa akilipa.

Kuna na kile kinachoitwa bima. Mgawaji akionyesha ree, mchezaji huruhusiwa kuweka dau la pembeni kwamba karata iliyofunikwa ni ya 10. Ikiwa ndivyo, hulipwa mbili kwa moja. Hesabu yake ni rahisi kiasi kwamba inafaa kufanywa na mwanafunzi wa shule. Ukiondoa ree ile ya mgawaji, karata zilizobaki ni 51, na 16 kati yake ni za thamani ya 10. Anayeweka shilingi 1,000 mara 51 atashinda mara 16 na kupata 32,000. Atapoteza mara 35, yaani 35,000. Amepungukiwa na 3,000, karibu asilimia 6. Jina la bima limetumika vibaya hapa. Anayekatia bima mtumbwi wake analinda kitu ambacho kweli chaweza kuzama. Huyu ameongeza dau la pili lililo baya kuliko la kwanza.

Nauli ya kila mkono

Asilimia 5.7 haimtishi mtu. Mwenye shilingi 50,000 mfukoni hupiga hesabu kwamba, kwa wastani, atapoteza 2,850 tu, na kwamba hiyo ni bei nafuu ya burudani ya jioni moja. Hilo ni kosa, nalo ndilo linalowapoteza wengi zaidi. Asilimia hiyo haitozwi juu ya fedha zilizo mfukoni bali juu ya kila dau linalopita mezani, na fedha ile ile hupita mezani mara nyingi.

Tuseme mtu huyo anaweka 1,000 kila mkono, na meza inakwenda kwa mikono 60 kwa saa. Baada ya saa tano amecheza mikono 300. Fedha zilizopita mezani ni shilingi 300,000, ingawa mfukoni hakuwahi kuwa nazo. Asilimia 5.7 yake ni 17,100. Hiyo ni theluthi moja na zaidi ya fedha alizoingia nazo. Ni sawa na mtu anayevuka mto kwa kivuko chenye nauli ndogo, kisha akavuka na kurudi siku nzima.

Vipi basi kuhusu wale wanaotoka na faida? Wapo, na ni muhimu hesabu iwatambue, maana bila wao hakuna ambaye angeketi mezani. Kati ya waigaji wa mgawaji wanaocheza mikono 100, takriban 3 katika kila 10 huwa mbele. Hao ndio wanaosimuliwa kijijini. Wale saba hunyamaza. Lakini wakiendelea mpaka mikono 1,000, walio mbele hubaki karibu 4 katika kila 100. Katika mikono michache bahati ina nguvu kuliko hesabu, na mchezaji huona bahati yake tu. Mwenye meza, kwa kuwa anacheza na kila mtu, siku zote anaona mikono mingi.

Hali huwa ngumu zaidi kwa mchezaji aliyejiapiza kwamba hatoki mpaka azidishe fedha zake mara mbili. Mwigaji yule mwenye shilingi 50,000, akiweka zote kwa mara moja, angezifikisha 100,000 kwa uwezekano wa karibu 47 katika 100. Akiziweka kidogo kidogo, elfu moja moja, mpaka zifike 100,000 au ziishe, uwezekano wake, kwa hesabu iliyorahisishwa, hushuka hadi kama mara 1 katika 300. Wengi hudhani kuweka kidogo kidogo ni kujihadhari. Kwa anayeshikilia shabaha ya namna hiyo, ni kulipa nauli mara nyingi zaidi.

Kuongeza dau maradufu

Hakuna meza ambayo haina mtu mwenye dawa yake ya siri, na dawa ya kale kuliko zote ni hii: ukipoteza 1,000, weka 2,000, ukipoteza tena, weka 4,000, siku utakayoshinda utarudisha yote na faida ya 1,000 juu yake. Maneno hayo ni kweli tupu, isipokuwa yanadai mfuko usio na mwisho. Anayepoteza mara saba mfululizo amekwisha kutoa shilingi 127,000, na dau la nane ni 128,000, kwa ajili ya kupata elfu moja. Kwa mwigaji wetu, kupoteza mara saba mfululizo hutokea karibu mara 1 katika 87. Kwa maneno mengine, mara 86 atafurahia elfu yake, jumla 86,000. Na mara moja atapoteza 127,000.

Wanaotumia dawa hiyo hutegemea imani kwamba, baada ya hasara nyingi, ushindi “umefika zamu”. Tarehe 18 Agosti 1913 katika kasino ya Monte Carlo, gurudumu la bahati lilisimama kwenye rangi nyeusi mara 26 mfululizo. Watu walizidi kumiminia fedha kwenye nyekundu kadiri nyeusi ilivyorudi, wakiamini kwamba haiwezi kuendelea, wakafilisika. Gurudumu halikumbuki lilichofanya. Karata, kama ilivyoelezwa, hukumbuka kidogo. Lakini zinapochanganywa upya, kumbukumbu hiyo nayo hufutwa.

Mkeka na simu

Kwa vijana wengi wa Kyela, Ipinda au Kasumulu, meza ya ishirini na moja ni kitu cha sinema. Wanachokijua ni mkeka wa mpira. Fungu la mwenye meza humo halifichwi katika zamu ya kucheza bali katika viwango vya malipo, na ni rahisi kulitafuta. Chukua mechi iliyopewa viwango hivi: mwenyeji kushinda 2.00, sare 3.20, mgeni kushinda 3.60. Anayetaka kuwa na hakika ya kupokea shilingi 1,000 kwa matokeo yoyote lazima aweke 500 kwa mwenyeji, 312.50 kwa sare na karibu 278 kwa mgeni. Jumla ni 1,090. Zile 90 ndizo fungu la mwenye duka. Hivyo, fungu hilo likiwa limegawanyika sawasawa, kila shilingi 100 iliyowekwa kwenye mechi hiyo ina thamani ya karibu 92.

Fungu hilo si dogo, kwani ni kubwa kuliko lile la mwigaji wa mgawaji. Lakini mkeka huwa na mechi nyingi, na viwango vyake huzidishwa pamoja. Mchezaji huyaona malipo makubwa yanayotokana na kuzidisha huko, asione kwamba fungu la mwenye duka nalo limezidishwa. Kwa mechi tano, shilingi 100 hubaki na thamani ya 65. Kwa mechi kumi hubaki 42. Kukosa mkeka kwa mechi moja tu, jambo linalosimuliwa kwa uchungu kama mkosi, ni tukio la kawaida ambalo hesabu hulitarajia, nalo humfanya mtu aamini kwamba wiki ijayo atafaulu.

Ishirini na moja yenyewe nayo imeingia kwenye simu. Pale ambapo karata huendeshwa na programu, aghalabu huchanganywa upya kila mkono, kwa hiyo mbinu ya Thorp haina mahali pa kushika. Hakuna kungoja wenzako wacheze, hakuna mgawaji wa kuchoka, na mikono 200 kwa saa si jambo la ajabu. Kwa dau la shilingi 500, dogo kuliko la meza ya kasino, mchezaji huyo amepitisha shilingi 100,000 kwa saa moja akiwa ameketi kibarazani mwake. Akicheza kwa kumwiga mgawaji, nauli yake kwa wastani ni 5,700. Akiijua kanuni ya mwaka 1956 na kuifuata bila kosa, ni karibu 500. Na kama programu hiyo inalipa sita kwa tano, jambo ambalo huandikwa katika ukurasa wa sheria ambao wachache huufungua, hata fundi huyo wa kanuni atalipa karibu 1,900 kila saa.